Kuvuna au Kukinga? Istilahi za Maji katika Uwanda wa Makonde

Si mara moja Newala kuitwa "eneo kame" katika maandishi yanayotafsiriwa kwa ajili ya ofisi zetu. Neno hili halifai. Ukame ni upungufu wa mvua, na uwanda wa Makonde hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi yake kati ya Desemba na Aprili. Kinachokosekana huko juu ni maji ya kuteka. Udongo wa kichanga huyanywa mara yaangukapo, nayo huzama kina kirefu na kuchomoza mabondeni, chini ya miteremko mikali ya uwanda. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika habari za safari hiyo ya kushuka kuteka maji. Katika miaka ya 1950 mashine zilianza kuyasukuma kutoka bondeni hadi vijijini, na hadi leo mradi wa Makonde huyapandisha kutoka chanzo cha Mitema. Mfasiri aandikapo "kame" humpeleka mpangaji mipango kwenye mbegu za kustahimili jua, hali shida yenyewe ni ndoo na mlima.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo limo katika neno "kisima". Masasi iko chini ya uwanda, kati ya vilima vya mawe. Huko kisima ni shimo lililochimbwa hadi kuyafikia maji ya ardhini. Newala neno hilo hilo hutumika pia kwa shimo lililosakafiwa kwa saruji kando ya nyumba, ambalo hujazwa na maji ya paa. La kwanza hupokea maji kutoka chini, la pili kutoka juu. Taarifa ya wilaya ikitaja "visima" bila kubagua, msomaji aliye Dodoma ataamini kwamba kijiji kina chanzo cha maji, kumbe kina akiba tu, ambayo huenda ifikapo Oktoba imekwisha. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ina masharti yake ya vibali kuhusu maji ya ardhini. Neno lisilobagua laweza kumtia mwananchi hofu ya kibali kwa sababu ya maji ya bati lake mwenyewe.

Kwa akiba hiyo ya chini ya ardhi lugha yetu ina neno la zamani, "birika". Watu wa pwani walilitumia kwa matangi ya mawe kabla halijahamia mezani na kuwa chombo cha chai. Wapo watakaocheka. Lakini "birika la mvua" halimchanganyi mtu, na ni fupi kuliko "hifadhi ya maji ya mvua iliyo chini ya ardhi", maneno ambayo hakuna bibi wa Newala atakayeyatamka.

Sasa tuje kwenye "uvunaji wa maji ya mvua", istilahi iliyoenea mno. Chanzo chake ni Kiingereza, wala si dhambi kukopa. Nasi husema kuvuna magogo na kuvuna asali. Ila mvunaji husubiri kitu kikomae. Maji ya mvua hayasubiriwi: gata isipokuwapo wingu linapopasuka, mchanga umekwisha kuyanywa. Mtu aliyeweka sufuria chini ya mchirizi wa paa husema anakinga maji, na tendo hilo ndilo serikali inalotaka lifanywe kwa ukubwa zaidi. Pingamizi moja lina uzito, nalo ni kwamba mabwana shamba wana "makinga maji", yaani matuta ya kuzuia maji yasichukue udongo. Kwa maoni yetu maana hizo mbili ni ndugu, kwani katika zote kitu huwekwa njiani mwa maji. "Ukingaji wa maji ya mvua" utaeleweka, na matuta yatabaki na jina lake.

Kwa ufupi tugusie "kilimo cha kuhamahama". Clement Gillman, aliyeandika juu ya kilimo cha uwanda huu mwaka 1945, alieleza utaratibu wa kuacha vichaka viote ili ardhi ipate nguvu tena. Hapo mkulima hahami. Shamba ndilo linalopumzishwa. Basi tuseme "kilimo cha kupumzisha ardhi", na kichaka chenye ming'oko kisiandikwe "pori lisilotumika".