Utambi Kati ya Vidole

Wengi humkumbuka kabaila kijana wa Kijerumani akiwa juu ya farasi. Mimi hupenda kumtazama akiwa amesimama chini, anajifunza kushika bunduki.

Mwaka 1616 Johann VII wa Nassau-Siegen alianzisha mjini Siegen shule ya kuwaandaa vijana wa kikabaila kuwa maofisa. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Johann Jacob von Wallhausen. Mafunzo yalichukua miezi sita, na silaha zilitolewa na shule. Mazoezi ya ukoo wa Nassau yalikuwa yamekwisha kuchorwa na Jacob de Gheyn katika kitabu cha mwaka 1607: picha 117, na 43 kati yake ni za bunduki nzito tu. Kila picha ni tendo moja.

Tuanze pale risasi ilipokwisha kutoka. Mkono wa kushoto wa kijana umebeba bunduki pamoja na panda ya kuiegemezea. Utambi, yaani kamba iliyoloweshwa shura, unawaka ncha zote mbili. Kwanza anauchomoa kwenye mtambo na kuurudisha kati ya vidole vya mkono wa kushoto. Moto upate mahali pake, ndipo baruti iguswe.

Anapuliza kisahani kilicho ubavuni mwa kasiba, cheche isibaki. Anakitia baruti laini, anakifunika, anakung'uta chembe zilizomwagika, halafu anapuliza zilizobaki.

Sasa anateremsha kitako, mdomo wa kasiba unamjia karibu. Kwenye mkanda wa begani vinaning'inia vikopo vya mbao, kila kimoja kina baruti ya risasi moja. Anafungua kimoja, anamimina, anatia risasi. Anachomoa mdeki, anaugotesha kifuani mpaka mkono uushike karibu na ncha, ndipo anashindilia. Ni tendo dogo sana, lakini bila hilo ufito huo mrefu ungeyumba hewani ukitafuta tundu.

Muda wote huo utambi unawaka karibu na baruti, na hakuna kidole kinachosahau kazi yake.

Mwishowe anaegemeza bunduki kwenye panda, anapachika utambi, anapima kama utafika kisahanini. Anakikinga kisahani kwa vidole viwili huku akipuliza kaa la utambi. Anafungua. Anafyatua.

Mwaka 1594 Wilhelm Ludwig, kaka yake Johann, alimwandikia binamu yao Maurits kuhusu mpango huu: safu ya mbele ifyatue, irudi nyuma kushindilia, na ya pili ichukue nafasi yake. Mpango mzima ulitegemea vidole. Mmoja akichelewa, mwendo wa safu unakatika. Ndiyo maana kijana atakayeamuru mamia alipaswa kujua, kwa mikono yake mwenyewe, amri moja ina matendo mangapi ndani yake.

Moshi haujatawanyika bado, na mkono wake umekwisha kuufikia utambi. Anauchomoa, anaurudisha kati ya vidole, anaanza upya.