Liyongo Amenikosesha Usingizi!

Jamani, utafuteni Utendi wa Fumo Liyongo! Nimeumaliza usiku huu hapa Singida, alizeti ikiwa bado imeanikwa uani, na moyo haujatulia.

Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliutunga mwaka 1913, beti zaidi ya mia mbili, akimrudia shujaa wa Pate na Shaka wa karne nyingi kabla yake. Kiti cha enzi ni kimoja, na baadhi ya masimulizi ya pwani yanasema mshindani wa Liyongo, Mringwari, ni ndugu yake.

Vita vyao, sasa! Sultani wa Pate anamwogopa Liyongo, basi anapanga vijana waende naye porini kula makoma, kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake, na Liyongo akiwa juu wamtungue kwa mishale. Zamu inafika. Liyongo anavuta upinde, anayapiga makoma kutoka chini, yanaporomoka tele. Nilipiga kelele peke yangu!

Hatimaye sultani anamfunga, na gerezani ndiko utamu ulikozidi. Kila chakula kizuri anacholetewa na kijakazi Saada, walinzi wanakila wao. Anamtuma Saada kwa mama yake na wimbo: oka mkate wa pumba, ndani ufiche tupa. Walinzi wanaudharau mkate, wanamwachia. Kisha anaomba apigiwe ngoma ya gungu, na watu wakiwa katikati ya shangwe yeye anakereza minyororo, hakuna anayesikia!

Kiamu, lahaja ya Lamu, kitambana kidogo mtu wa bara kwenye beti za mwanzo. Soma kwa sauti, kitafunguka. Sultani nimemwona mwembamba mno, nilitaka kuijua hofu yake kwa undani. Lakini nani atakumbuka hilo akifika kwa mtoto wa Liyongo?

Sisi tuliokua na habari za Liti, shujaa wetu wa Singida, na nyuki wake tumezoea shujaa mwenye siri. Siri ya Liyongo ni hii: hafi kwa mkuki wala mshale, ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Anayetumwa kuichimba ni mwanawe wa kumzaa, kaahidiwa uwaziri na binti wa sultani. Na baba anajua! Anamwambia wazi kwamba wamemdanganya, atajuta, kisha anamtajia sindano. Hapo nilikitupa kitabu, nikakiokota papo hapo. Ya kisimani siwasimulii, kasomeni wenyewe!