Mnyama hatari si mnyama aliye hatarini

Kijitabu ninachokijadili wiki hii nilikikuta mikononi mwa mpwa wangu, mwanafunzi wa Gredi ya 3 mjini Ruiru. Mamake alikinunua Thika, karibu na steji ya matatu, kwa kuwa kinaahidi kumfunza mtoto msamiati wa Kiingereza kupitia wanyama. Jaladani pana ndovu na panda. Ndani mna picha, chini yake neno la Kiingereza, na chini zaidi tafsiri ya Kiswahili kwa herufi ndogo, kama vile mtu anayeomba radhi kwa kuingilia mazungumzo.

Ukurasa wa mwisho ndio ulionishughulisha. Juu pameandikwa "Endangered Animals", na kwa Kiswahili, "Wanyama Hatari". Kisha zoezi: taja watano.

"Anko, nimeandika simba, nyoka, mamba, fisi na mbwa wa jirani," akaniambia. "Ziko sawa?"

Zilikuwa sawa kabisa. Mtoto aliulizwa swali kwa Kiswahili, akalijibu swali hilo. Aliyekosea ni aliyemuuliza.

Neno "hatari" likifuata nomino moja kwa moja humpa mwenye nomino hiyo sifa ya kuogopwa: dereva hatari, mnyama hatari. Sema "mnyama aliye hatarini" na mambo yamegeuka. Kiambishi -ni kimemtia mnyama ndani ya hatari. Sasa yeye ndiye anayeogopa. Silabi moja tu imehamisha hofu kutoka kwa mwindwa hadi kwa mwindaji. Cha kusikitisha ni kwamba Kiingereza nacho kina hila hiyo hiyo. "Dangerous" na "endangered" ni ndugu wa shina moja, na kiambishi en- kilicho mbele ya hilo la pili hufanya kazi ile ile ya -ni yetu: kutia ndani. Mwalimu anayeweka maneno hayo manne ubaoni kwa pamoja anafunza lugha mbili kwa chaki moja. Kijitabu hiki kilikuwa na nafasi hiyo mkononi, kikaiangusha.

Mfano wa kutofautisha hayo mawili hauko mbali. Ukisimama Thika siku ya anga safi unauona mlima wa Kilimambogo, ambao jina lake linajieleza: kilima cha mbogo. Mbogo, au nyati kama wengi wanavyosema leo, yungali huko, na ni mnyama hatari hasa. Hakuna askari wa wanyamapori atakayekushauri umsogelee kwa miguu. Sasa mlinganishe na kakakuona. Huyu hana meno, hula mchwa na siafu, na akitishwa hujikunja kama mpira. Hamdhuru mtu, lakini yeye ndiye anayesakwa kwa ajili ya magamba yake, hata biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku. Weka nyati na kakakuona kwenye ukurasa mmoja na somo limekwisha. Kijitabu hakina hata mmoja wao.

Kina nini basi? Kina panda, dubu, chui milia wa Asia, na "wolf" aliyetafsiriwa "mbwamwitu". Kuhusu panda nitasema kwa ufupi tu kwamba tangu 2016 orodha ya kimataifa ya IUCN imemshusha daraja, kutoka walio katika hatari ya kuangamia hadi kundi la afadhali kidogo. Mwandishi amechelewa.

Suala la mbwamwitu ni zito zaidi. Tuna mbwamwitu wetu, mwenye masikio ya mviringo na manyoya ya mabaka meusi, meupe na ya hudhurungi, anayewinda kwa makundi katika nyanda za Laikipia na kwingineko. Huyo yumo katika orodha ya walio hatarini. "Wolf" wa kijivu, yule wa hadithi za Ulaya, hayumo. Kwa jumla yake duniani hana wasiwasi. Kwa hiyo kijitabu kimechukua jina la mnyama wetu anayeisha na kumpa mgeni asiyeisha, na kumwacha mwenyewe bila jina. Wafasiri wa hadithi walianza zamani, nami siwalaumu sana, kwa kuwa walihitaji neno. Lakini kitabu kinachodai kufunza kuhusu viumbe vinavyotoweka hakiwezi kujitetea hivyo.

Mamake alinipinga. "Kiswahili atakipata tu barabarani," alisema. "Mimi nalipia Kingereza." Sina dharau kwa hoja hiyo. Ruiru ni mji wa watu kutoka kila pembe, na mzazi anajua lugha ya mtihani na ya barua ya kazi ni ipi. Ila kile Kiswahili cha barabarani kina mapengo. Nilimuuliza mpwa wangu kiboko ni nini. "Ni ile ya kuchapa watu," akajibu. "Hippopotamus" analitamka bila kukwama. Kwamba fimbo iliitwa kiboko kwa sababu mjeledi ulikatwa kutoka ngozi ya mnyama huyo, hakuna aliyewahi kumwambia. Na kifaru, kwake, ni gari la vita.

Tena darasani mwake wamo watoto wanaoitwa Njogu, Mbogo na Munyambu: ndovu na nyati kwa Kikikuyu, simba kwa Kikamba. Rejista ya mwalimu ni kitabu cha wanyama tayari, na hakiuzwi.

Kasoro ya mwisho ni kwamba kijitabu chote ni nomino. Neno, picha, neno, picha. Mtoto anafika ukurasa wa mwisho akiwa na majina sitini na hana kitenzi cha kuyasukuma. Wanyama walio hatarini ndio mada inayodai vitenzi, maana lazima useme nani alifanya nini. Sudan, dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini, alikufa Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki wawili, Najin na bintiye Fatu. Habari hiyo fupi ina kufa, kubaki, kuzaa, kulinda na kuwinda, na mtoto atataka kujua kila kimoja kwa Kiingereza, kwa sababu anataka kujua ilikuwaje.

Hapo ndipo mwalimu angemwonyesha pia kwamba "kutoweka" na "kuangamizwa" si kitu kimoja. La kwanza halina mtenda. Mnyama anatoweka kama ukungu wa asubuhi kwenye mashamba ya kahawa ya Ruiru. La pili lina mtu nyuma yake, mwenye bunduki au mtego. Kiingereza kinaweza pia kumficha au kumtaja. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu hirola 497 nchini. Wengine wako wapi? Jibu litategemea kitenzi utakachochagua.

Nilimsaidia mpwa wangu kuandika upya zoezi lile. Tulikata kichwa tukaandika "Wanyama Walio Hatarini". Simba tulimwacha, maana anastahili kuwa kwenye orodha zote mbili. Nyoka, mamba na fisi walitoka. Wakaingia kifaru, hirola na mbwamwitu, yule wa kwetu. Mbwa wa jirani nilitaka kumfuta, akakataa katakata.

"Anko, huyo yuko hatarini kweli. Yeye huvuka Thika Road kila jioni."