Baba, Mwana na Waliosahaulika: Uhakiki wa Uandishi wa Historia ya Familia ya Saarinen

Historia ya familia ya Saarinen, iliyohama Ufini na kwenda Marekani mwaka 1923, kwa kawaida huandikwa kama masimulizi ya wanaume wawili: Eliel, aliyesanifu stesheni kuu ya reli ya Helsinki, na mwanawe Eero, aliyebuni tao la St. Louis. Masimulizi hayo yanavutia, lakini yana kasoro ya kimbinu: yanalichukulia jina lililo kwenye mchoro kuwa ndilo jina la kila aliyefanya kazi.

Shule ya wasichana ya Kingswood, iliyofunguliwa mwaka 1931 huko Cranbrook, Michigan, inatosha kuidhihirisha kasoro hiyo. Jengo lilisanifiwa na Eliel. Mazulia na mapazia yalitoka katika karakana ya ufumaji iliyoanzishwa mwaka 1928 na mkewe, Loja, ambaye alisomea uchongaji. Samani zilibuniwa na Eero, kijana wa miaka ishirini hivi. Dada yake, Pipsan, alishughulikia mapambo ya ndani. Loja mwenyewe alikuwa dada wa Herman Gesellius, mshirika wa Eliel tangu Helsinki, naye Pipsan aliolewa na msanifu majengo J. Robert F. Swanson. Mtafiti anayefuata ukoo kwa upande wa kuumeni peke yake huikosa nusu ya karakana.

Hata enzi zao jina lilikanganya. Mwaka 1947 baba na mwana waliingia shindano la St. Louis kila mmoja na mchoro wake. Telegramu ya kufuzu ikapelekwa kwa Eliel, kumbe aliyefuzu ni Eero. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Kwa mtunza nyaraka si kichekesho hata kidogo.

Nyaraka nazo zimetawanyika. Michoro ya miaka ya Ufini imo Helsinki, nyaraka za Cranbrook ziko Michigan, na kumbukumbu za ofisi ya Eero zilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Yale na Kevin Roche mwaka 2002. Kitabu cha mwaka 1962 kuhusu kazi za Eero kilihaririwa na mjane wake, Aline, mhakiki wa sanaa. Ni chanzo chenye thamani, ila ni chanzo kilichokwisha kuchujwa kwa mkono wa mtu mwenye mapenzi.

Tatizo hili si geni Afrika Mashariki. Ernst May, msanifu Mjerumani aliyefika Tanganyika mwaka 1934, alifanya kazi Nairobi na kuandaa mpango wa upanuzi wa Kampala kabla ya kurejea kwao miaka ya 1950. Nyayo zake zimo katika nchi tatu jirani. Orodha ya pamoja ya michoro ya majengo ingemfaa mtafiti, mradi isinakili jina la ofisi tu. Kwenye kona ya mchoro mara nyingi huwapo herufi mbili tatu za aliyeuchora, na hizo ndizo zinazoachwa nje ya katalogi.