Jiko Lile Lilipaswa Kubaki Uani

Video walizojirekodi mume na mke mmoja wakikarabati fleti yao New York huenda mmeziona, sina haja ya kuzisimulia zote upya. Fleti ya vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tatu, jengo la ushirika la miaka ya 1920 kule Jackson Heights, Queens. Bibi aliyeishi humo hakuligusa jiko lake kwa miongo kadhaa, na ndiyo maana bei ilikuwa nafuu. Mume na mke hao, watu wa Tanga waliohamia New York, wakaona hapo pana nafuu ya kweli. Waliona sawasawa. Kisha wakaamua kulitoa jiko upande wa uani na kulipeleka sebuleni, na hapo ndipo walipoiharibu kazi nzima.

Niwape haki yao haraka: wakili wao alisoma hesabu za kampuni ya jengo na kumbukumbu za vikao vya bodi ya jengo, mkopo wa jengo waliujua, usaili wa bodi waliupita, na sakafu ya mwaloni waliipiga msasa badala ya kuifunika kwa plastiki. Safi.

Sasa tuje kwenye nyundo. Mume kaishika kwa mikono miwili, mke anarekodi, ukuta kati ya jiko na korido unapigwa pigo la kwanza na plasta inamwagika kama unga. Shangwe. Mimi nilisimamisha video hapohapo. Michoro ya msanifu ilikuwa bado haijafika kwa bodi. Mkataba wa ukarabati kati yao na jengo ulikuwa haujasainiwa. Uchunguzi wa asbesto, ambao jijini New York lazima ufanywe kabla ya kibali cha kazi ya namna hiyo kutoka, haukutajwa hata kwa bahati mbaya. Na rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku katika nyumba za jiji hilo mwaka 1960, kwa hiyo ukuta wa miaka ya 1920 huufanyii sherehe ya vumbi ukiwa umevaa ndala.

Lakini tuseme vibali vyote vilikuwepo. Uamuzi bado ulikuwa mbaya, kwa sababu ya maji. Maji machafu hayana mtu wa kuyasukuma, yanateremka. Bomba dogo la sinki huhitaji mteremko wa robo inchi kwa kila futi. Sinki lao jipya, kwa kuangalia tu mchoro waliouonyesha, linakaa kama futi 16 kutoka bomba kuu la wima, na katikati kuna korido ya kukatiza. Piga hesabu: inchi 4 za kushuka, hapo hujaweka unene wa bomba lenyewe. Utazipata wapi? Ama uinue sakafu ya korido mpaka wageni wajikwae, ama uingie kwenye dari ya jirani. Bado bomba la hewa, bado gesi. Ukiigusa laini ya gesi katika jengo kongwe unaweza kufungiwa gesi mpaka ipimwe na kupitishwa, na wa kulala na chai baridi si wewe peke yako.

Chini ya sebule yao kuna sebule ya mtu wa ghorofa ya pili. Ndiyo maana majengo mengi ya ushirika New York hayaruhusu jiko wala bafu kukaa juu ya chumba kikavu cha jirani. Bodi ilipowaandikia wasimamishe kazi, maoni chini ya video yalijaa matusi kwa bodi. Mimi nasimama na bodi, na hilo si jambo ninalolifanya mara nyingi. Hizo bodi nazijua: zina uwezo wa kumkataa mnunuzi bila kutoa sababu, alimradi zisibague kinyume cha sheria, na baadhi huutumia uwezo huo kwa raha. Safari hii bodi ilikuwa sahihi.

Nimelisema hili mpaka wasomaji wengine wamenichoka: katika ushirika hununui kuta. Unanunua hisa za kampuni inayomiliki jengo, na hisa hizo zinakupa mkataba wa kukaa. Mabomba yaliyo ndani ya ukuta ni ya kampuni. Vipindi vya televisheni vya kubomoa nyumba vimewaharibu watu, maana kule mwenye nyumba anamiliki kuanzia msingi hadi paa.

Wafini wa Sunset Park, Brooklyn, walioanzisha ushirika wao wa Alku mwaka 1916, hawakuhitaji kufundishwa hilo. Wala Abraham Kazan, aliyesimamia nyumba za ushirika za Amalgamated kule Bronx zilizofunguliwa mwaka 1927. Kwao jirani wa chini alikuwa mwanahisa mwenzao kwanza. Na Jackson Heights kwenyewe kulikuwa na msanifu Andrew J. Thomas, aliyejenga majengo ya Linden Court kuanzia mwaka 1919 kwa ajili ya kampuni ya Queensboro Corporation. Yule bwana alijali mwanga na hewa kuliko wasanifu kumi wa leo. Waajiri wake hawakuwa malaika, waliwafungia mlango Wayahudi na Weusi, lakini ramani zile zilikuwa za watu wenye akili.

Jiko la fleti hii nalo lina dirisha linaloangalia bustani ya ndani. Mke alisema anataka kupika pilau huku anaongea na wageni. Sawa, dada yangu, lakini jengo lako lina Wabangladeshi, Wakolombia na Watibeti, kila mmoja na kitunguu chake, na hewa ya dirisha la uani ndiyo inayowafanya nyote mkaange samaki bila kununiana. Ukilileta jiko karibu na mlango wa mbele, harufu yote inaishia kwenye ngazi.

Sasa, kazi ikiwa imesimama, wanapika kwenye jiko la umeme la sahani moja, juu ya stuli, na ada ya mwezi inakatwa kama kawaida.

Mnaotafuta fleti ya kukarabati: ombeni mkataba wa ukarabati wa jengo na muusome pamoja na hesabu, kabla ya kuweka amana ya asilimia 10 ya bei. Mkikuta hauruhusu jiko kuhama, na moyo wenu uko sebuleni, tafuteni jengo lingine.