Kiraka cha kompaila hakipimwi kwa ukimya wa mlalamikaji

Simu za Android zinazouzwa na kutengenezwa mtaani Lumumba, mjini Bunia, zinaendeshwa na kiini cha Linux. Kiini hicho kimeandikwa kwa sehemu kubwa katika lugha ya C, na hakuna kichakataji kinachoielewa C. Kinachoigeuza kuwa maagizo ya mashine ni kompaila. Linux ilikua kwa miaka mingi ikitegemea kompaila ya GCC, na Android nayo ilihamia kompaila ya Clang. Zote mbili ni programu huria: yeyote anaweza kusoma msimbo wake, kuripoti dosari na kupeleka kiraka cha kuirekebisha. Kwa hiyo jinsi viraka hivyo vinavyokaguliwa ni jambo linalomgusa mkazi wa Lumumba, hata kama hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu. Hoja yangu ni kwamba kiraka hakistahili kupokelewa kwa sababu tu lalamiko limenyamaza. Kinastahili pale kinapoonyesha chanzo cha dosari, kinapoambatana na jaribio linaloshindwa bila kiraka na kufaulu nacho, na inapothibitika kwamba hakikuharibu kitu kingine. Kisa cha Julai 2014 kinaonyesha kwa nini masharti hayo matatu lazima yaende pamoja.

Mwezi huo Michel Dänzer na watu wengine wachache waliripoti kwamba kiini cha Linux kinaanguka ovyo ndani ya sehemu inayogawa kazi kati ya vichakataji. Msimbo wa C haukuwa na kosa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akageukia maagizo ya mashine ambayo GCC 4.9.0 ilikuwa imeyatoa kwa ajili ya fankisheni iitwayo load_balance. Kwa kawaida fankisheni inapoanza husogeza kielekezi cha rundo ili ijitengee nafasi kwenye kumbukumbu, ndipo iweke vitu vyake humo. Hapa utaratibu ulikuwa umepinduka: agizo la kuhifadhi thamani lilitangulia agizo la kutenga nafasi. Kwa kitambo kifupi mno thamani ile ilikaa mahali pasipolindwa. Ukatizo ukiingia katika kitambo hicho, kichakataji kinaandika taarifa zake palepale na thamani inaharibika. Programu za kawaida kwenye vichakataji vya x86-64 zina baiti 128 chini ya kielekezi ambazo mfumo umeahidi kutozigusa, lakini kiini chenyewe hakina ahadi hiyo. Ndiyo sababu mashine ingeweza kufanya kazi salama muda mrefu, kisha ikaanguka pasipo dalili yoyote ya kumtaja mkosaji.

Chanzo kilikuwa mbali na mahali pa maumivu. Dosari ilijitokeza pale kompaila ilipoombwa itoe taarifa za kumsaidia mtaalamu kutafuta hitilafu. Taarifa hizo hazitakiwi kubadilisha hata agizo moja la programu. Lakini kipangaji cha maagizo ndani ya GCC kilipokuta kipande cha asembli kimetajwa ndani ya taarifa hizo, kilikichukulia kuwa kizuizi halisi, na hesabu yake ya lipi litangulie lipi ikavurugika. Kiraka cha Richard Biener, mwendelezaji wa GCC, cha tarehe 17 Julai kilikuwa kifupi: kilikizuia kipangaji hicho kisiweke kizuizi kwa kitu kilichomo kwenye taarifa za utatuzi tu, na kiliambatana na jaribio jipya. Tena kiliandikwa kwa ajili ya ripoti nyingine, iliyohusu mfuatano wa miito ya mfumo. Kiini cha Linux kilipata dawa kutokana na ugonjwa ulioripotiwa na mtu mwingine, kwa sababu kiraka kililenga mzizi. Kama mkaguzi angeridhika na marekebisho yanayonyamazisha ripoti ile moja, Linux ingeendelea kuanguka.

Je, si majaribio yangetosha kulinda kompaila, bila kumchosha mtu kusoma viraka? Kisa hiki kinajibu hapana. Torvalds aliandika kwamba dosari ilionekana kuwepo tangu GCC 4.5, toleo la mwaka 2010. Kwa miaka minne majaribio yaliendelea kuendeshwa nayo haikujulikana, mpaka mabadiliko madogo ya uboreshaji yalipoifichua. Majaribio hujibu maswali ambayo tayari yameulizwa. Mkaguzi ndiye anayeuliza lile ambalo bado. Na tusiwaze kwamba dosari za aina hii ni adimu. Programu ya Csmith, inayobuni programu za C kwa nasibu na kulinganisha majibu ya kompaila mbalimbali, iliripotiwa mwaka 2011 kuwa imegundua dosari zaidi ya 325. Mwaka 2014 watafiti wengine, kwa mbinu tofauti, walipata dosari 147 zilizothibitishwa katika GCC na LLVM, mradi ambao Clang ni sehemu yake.

Lakini macho ya mkaguzi nayo hayatoshi, na GCC imeweka utaratibu wa kuyasaidia. Kompaila iliyopo huijenga GCC yenye kiraka. GCC hiyo hujijenga upya yenyewe. Iliyopatikana hapo hujijenga tena. Matokeo ya hatua ya pili na ya tatu yasipolingana, kiraka kina kasoro. Baada ya hapo majaribio huendeshwa mara mbili, bila kiraka na pamoja nacho, kisha orodha mbili za matokeo hulinganishwa. Fundi wa tairi kando ya barabara anaijua mantiki hii: huzamisha mpira majini kabla ya kuziba ili aone tundu, huuzamisha tena baada ya kuziba, na huuzungusha wote kwa sababu huenda kuna tundu la pili.

Wapo wanaolalamika kwamba utaratibu huu ni mrefu na viraka vizuri vinangoja mno. Lalamiko lina haki. Mtumiaji anayeumia leo anahitaji nafuu leo, na Torvalds mwenyewe hakungoja: aliongeza chaguo la kuizima sehemu ya GCC iliyoleta balaa, akakubali taarifa za utatuzi zipungue ubora kidogo. Lakini nafuu ile ilikilinda kiini cha Linux peke yake. Wengine wote waliotumia kompaila ileile walihitaji kiraka chenyewe. Njia ya mkato ina nafasi yake katika mradi unaoumia. Ndani ya kompaila haina nafasi, kwa kuwa kosa la kompaila huingia katika kila programu inayopita mikononi mwake.

Pingamizi zito zaidi kwetu ni kwamba kazi hii ni ya wenye umeme usiokatika na mashine kubwa. Ni kweli kwamba kuijenga GCC mara tatu kwenye kompyuta ndogo inayotegemea betri na sola ni mateso. Hata hivyo kuna shamba la mashine la GCC, linalowapa waendelezaji wa programu huria akaunti bila malipo. Unaandika amri kwa mbali, kazi nzito inafanyika huko, na kinachopita kwenye intaneti ni maandishi tu. Tena sehemu kubwa ya thamani iko katika kazi isiyohitaji nguvu: kuipunguza programu ndefu inayokosewa na kompaila hadi ibaki mistari michache inayoonyesha kosa. Programu ya C-Reduce husaidia, lakini akili inayoamua nini kibaki ni ya mtu. Mistari hiyo hutumwa hata kwa mtandao dhaifu.

Walimu wa informatiki katika vyuo vya Bunia wana la kufanya mwaka huuhuu wa masomo. Mwanafunzi anapoleta marekebisho ya programu yake, msimpe alama kwa sababu programu imekubali kuendeshwa. Mdaini kwanza jaribio linaloshindwa bila marekebisho yake, kisha maelezo ya chanzo kwa maneno yake mwenyewe. Anayezoea nidhamu hiyo darasani ana sifa ya kukagua kiraka cha GCC akiwa Lumumba, na mradi hautamuuliza anaishi wapi.