Sifa ya Mjenzi wa Njia ya Udongo

Gari dogo la umeme linaloendeshwa kwa rimoti hununuliwa dukani, na mwenye fedha za kutosha huweza kurudi nyumbani na lililo bora kupita yote, lenye mota isiyo na brashi, betri ya lithiamu, shokapu za mafuta na tairi za kila namna. Lakini njia ya udongo ya kulishindania gari hilo haiuzwi popote, wala hakuna kiwanda kiwezacho kuitia katika sanduku na kumpelekea mnunuzi. Sharti itoke katika ardhi ileile anayoikanyaga mwenyewe, ikandwe kwa maji ya mahali pale, ihimili jua na mvua ya mahali pale, na idumu kwa mkono wa mtu asiyechoka kuitunza. Ijapokuwa sifa nyingi za mchezo huu hupewa dereva na mtengenezaji wa gari, mimi nimependa kumsifu mtu wa tatu, ambaye aghalabu husahauliwa, naye ni yule ajengaye njia ya mbio nyuma ya nyumba yake.

Mchezo wenyewe si wa kale. Mwaka 1979 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa magari mawili, Rough Rider na Sand Scorcher, yaliyofanana na yale magari mepesi ya kukimbilia mchangani na jangwani, ukubwa wake ukiwa sehemu moja katika kumi ya gari la kweli. Na mara watu wakaanza kutoka katika lami na kuingia katika vumbi. Mwaka 1984 Team Associated ya Costa Mesa, katika jimbo la California, Marekani, ikatoa gari lililoitwa RC10, ambalo lilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya mashindano na si kwa ajili ya kuchezea tu. Mwaka uliofuata, huko Del Mar, katika jimbo hilohilo, yakafanywa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia kwa magari ya umeme ya namna hiyo. Na mwaka 1987 huko Romsey, Uingereza, kijana wa Kijapani, Masami Hirosaka, akatwaa taji mojawapo katika mataji 14 ya dunia aliyojaliwa kuyapata katika maisha yake ya mbio. Majina ya madereva na ya magari yamehifadhiwa vema, na mashabiki huyataja kwa taadhima. Jina la mtu aliyebeba udongo, akaumwaga, akaushindilia na kuunyeshea maji hata ukafaa kukimbiliwa, ni nadra kulisikia.

Kuna fadhila moja ya umeme ambayo lazima itajwe hapa, kwa kuwa bila yake ua wa nyumba usingekuwa uwanja. Magari ya mafuta yana moshi na kelele, na jirani ana haki ya usingizi wake. Bali gari la umeme hupita likitoa mlio mwembamba wa giya na mchakacho wa tairi juu ya udongo, na mtoto aliyelala dirishani hasumbuki. Ndiyo sababu katika vitongoji vya kusini mwa California, ambako mchezo huu ulipata ukuaji wake, njia ya mbio huweza kukaa baina ya mlimau na kamba ya kuanikia nguo, na amani ya mtaa isivunjike.

Mjenzi mwenye akili haanzi na jembe. Huanza na maji. Katika nchi ile mvua hunyesha miezi ya baridi, kisha kiangazi huja kirefu na kikavu, na katika majira ya kupukutika kwa majani huvuma upepo mkavu utokao jangwani uitwao Santa Ana, ambao hunyonya unyevu wa ardhi kana kwamba umeagizwa kufanya hivyo. Basi mwenye ua ana maadui wawili walio kinyume: maji yaliyozidi na maji yaliyokosekana. Ua wenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 12, ukinyeshewa na mvua ya milimita 10 tu, hupokea lita 2,400 za maji, na maji hayo yasipoonyeshwa njia hujitafutia yenyewe, yakachimba, yakabomoa, yakatuama mahali pabaya kuliko pote. Kwa hiyo ardhi hupewa mwinamo mdogo, wa sentimita moja au mbili kwa kila mita, ambao jicho halitambui na dereva hausikii, lakini maji huutii pasipo kulazimishwa. Na kila bonde lililozungukwa na matuta hupewa mfereji wake au bomba lake chini ya njia, kwa maana tuta zuri lisilo na mahali pa kutolea maji hugeuka ukingo wa dimbwi.

Baada ya maji hufuata udongo wenyewe, na hapa ndipo maarifa yalipo mengi. Mjenzi huchukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akatia udongo wa ua wake, akajaza maji, akatikisa kwa nguvu, kisha akaiweka mahali isipoguswa. Mchanga hutua chini kwa muda wa dakika moja hivi. Tope laini hutua baada ya saa mbili tatu. Na chembe za mfinyanzi, ambazo kila moja haifikii milimita 0.002 kwa upana, huelea siku nzima au zaidi kabla ya kukubali kushuka. Matabaka yale, yakipimwa kwa rula, humwambia siri ya ardhi yake. Mfinyanzi ukizidi, njia huteleza kama imepakwa sabuni ikilowa, na ikikauka hupasuka nyufa. Mchanga ukizidi, hakuna kinachoshika: tairi huchimba, gari huzama, na kila kona huwa shimo kabla ya adhuhuri. Kinachotafutwa ni mchanganyiko ambao mfinyanzi hufunga na mchanga hutia ukakamavu, na hapana kipimo kimoja kifaacho pote, maana mfinyanzi wa bonde hili si mfinyanzi wa bonde lile. Mtu huongeza, hujaribu kipande kidogo, hukilowesha, hukikausha, hukikanyaga, huongeza tena.

Kisha huja kushindilia. Naomba msomaji aniruhusu nikae hapa kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo inayotenga njia ya fundi na njia ya mtu mwenye haraka. Sisi wa pwani tunajua habari za sakafu za chokaa za Lamu, Mombasa na Unguja, zilizopigwa kwa vipande vya miti na safu za watu waliokwenda pamoja kwa wimbo, pigo juu ya pigo, mpaka chokaa ikawa ngumu kama jiwe. Na yeyote aliyewahi kusikia habari hizo atafahamu upesi kwamba ardhi haitiwi nguvu kwa uzito peke yake, bali kwa mapigo mengi yaliyo sawa na kwa kujua wakati wa kupiga. Wakati huo hutegemea unyevu. Mhandisi wa Los Angeles, R. R. Proctor, aliyekuwa katika kazi ya mabwawa ya maji ya mji ule, alieleza mwaka 1933 kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho ukishindiliwa nacho hushikamana kuliko kwa kiasi kingine chochote: ukiwa mkavu kuliko hivyo chembe hukataa kusogeleana, na ukiwa na majimaji kuliko hivyo maji hushika nafasi ambayo chembe zingeishika. Elimu iliyowekwa kwa ajili ya mabwawa hufaa vilevile kwa tuta la sentimita 40, na mjenzi wa uani huipima kwa kiganja. Huufumbata udongo, ukishikamana kama donge bila kuacha majimaji mkononi, na donge likidondoshwa likavunjika vipande vichache badala ya kusagika au kubondeka, basi saa ya kushindilia imefika. Humwaga tabaka la sentimita 10, akalipiga, akamwaga jingine. Anayemwaga tuta zima kwa mara moja na kulipigapiga juu hupata ganda gumu lenye moyo mlegevu, na ganda hilo halivumilii msimu mmoja.

Hesabu ya jasho haifichiki. Tuta moja la juu bapa, lenye kimo cha sentimita 40, upana wa mita 2.5, na urefu wa mita 3 na ushei pamoja na mpando na mshuko wake, hutaka kadiri ya mita 2 za ujazo za udongo ulioshindiliwa, yaani zaidi ya tani 3. Nazo ni zaidi ya toroli 30 zilizojaa, zikisukumwa na mtu mmoja jioni baada ya kazi yake ya mchana.

Kuchora njia ni kazi ya furaha kuliko hiyo. Mpira wa maji hulazwa chini na kusogezwa huku na huku mpaka umbo lipendeze; mtu hupanda juu ya ngazi au jukwaa, akatazama kutoka pale madereva watakaposimama, akashuka, akausogeza tena. Jukwaa hilo sharti liinuke, kwa maana dereva aliye chini haoni gari lake nyuma ya tuta. Wala lisikae mwisho wa sehemu iliyonyooka, ambako gari la kilo moja na nusu hufika kwa kasi iwezayo kuvunja mguu wa mtazamaji. Njia hutenganishwa kwa bomba jeusi la plastiki lenye mikunjo, lile litumiwalo kupitishia maji chini ya ardhi, likipigiliwa kwa misumari mirefu. Mbao hupendwa na wengine kwa unadhifu wake, lakini bomba hukubali gari likiligonga, ilhali mbao huvunja mkono wa gurudumu, na mtoto aliyevunja gari lake mara ya kwanza yamkini asirudi. Mimi ningechagua bomba daima.

Na matuta? Hapo pana jambo la ajabu, ambalo nalipenda kuliko yote katika sanaa hii. Gari limepunguzwa mara kumi, lakini mvuto wa dunia haukupunguzwa. Kitu kikianguka kutoka kimo cha mita 4.5 hukaa hewani karibu sekunde 1 nzima. Kimo hicho kikipunguzwa mara kumi, kikawa sentimita 45, muda haupungui mara kumi pamoja nacho, bali hubaki sekunde 0.3. Mjenzi anayenakili tu sura ya uwanja wa magari makubwa hupotea, kwa kuwa anajenga kwa ajili ya wakati wa namna nyingine. Gari liondokalo kwenye mpando wa nyuzi 20 kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa hutua kiasi cha mita 3 mbele, na linapotua huwa likishuka kwa mwinamo uleule wa nyuzi 20. Basi mshuko wa tuta ukipewa mwinamo huo, gari hupokewa pasipo kishindo na dereva huweza kugeuza mara moja. Ukipewa mwinamo mwingine, gari hupigwa na ardhi. Na ncha ya mpando isikunjwe juu ghafla, maana shokapu zilizobanwa wakati wa kupanda hufunguka kwa ghadhabu na kulitupa gari mgongo mbele. Kwa ua wa nyumba nalisifu tuta la juu bapa kuliko matuta mawili yenye pengo katikati: hodari huliruka lote kwa mara moja, na mwanafunzi asiyefika mbali hutua juu yake salama, akaendelea na safari yake, na wote wawili wakashindana katika njia moja.

Njia ikiisha kujengwa, kazi haijaisha, wala haitakwisha. Kila mbio huichimba. Vumbi lililong'olewa hukaa pembeni mwa mstari wa kupitia, na gari likigusa hapo huteleza kama lililokanyaga gololi; kwa hiyo vumbi hilo hufagiwa. Uso uliokauka hunyeshewa jioni, kwa matone membamba, ili maji yazame usiku bila kuvutwa na jua. Wako watumiao chumvi ya kalisi, ambayo huvuta unyevu wa hewa na kuutuliza katika udongo, na hufanya kazi yake kweli. Lakini hutia kutu katika skrubu na kudhuru mizizi ya mimea, na kwa ua wenye miti ya matunda nauona mpira wa maji kuwa mwenzi mwaminifu zaidi. Kwa matunzo hayo, udongo mzuri, baada ya kupitiwa mara nyingi, hung'aa mstari mweusi wenye ubuluu mahali ambapo raba ya tairi imeusugua, na katika mstari ule mshiko huwa mkubwa hata madereva huvua tairi za meno marefu na kuvaa zilizo karibu na laini. Hakuna rangi iliyopakwa pale. Ni kazi ya mjenzi na kazi ya wakimbiaji zilizoungana.

Fauka ya hayo, njia huleta watu. Katika mashindano mengi dereva akimaliza mbio yake hutakiwa kwenda kusimama konani na kuyainua magari ya wenzake yaliyopinduka katika mbio ifuatayo, na sheria hiyo ndogo imefundisha adabu kwa vijana wengi pasipo hotuba. Aliyeshindwa huliinua gari la aliyemshinda, na huliinua upesi.

Basi wewe mwenye ua na mwenye mtoto anayetamani kujenga, usikimbilie duka, wala usiagize udongo wa mbali kabla ya kuujua wako. Ngojea mvua moja kubwa, usimame barazani, utazame maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Tia alama kwa vijiti. Tia udongo katika chupa. Na siku itakayofuata, mwite mtoto, mpe reki, umwache achague mwenyewe mahali pa kona ya kwanza.